Pazia Kati ya Wakwe

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki, foleni ya wajawazito imefika mlangoni, simu ikatetemeka mfukoni. "Sista, magokoro ametuacha. Tunazika Alhamisi kwao, juu ya Ogembo. Ukipata nafasi." Aliyeandika ni Onyancha, fundi wa pancha wa Keroka, mtu asiyependa kupoteza maneno. Nilimaliza kumpima mama aliyekuwa kitandani, nikamwambia ashuke polepole, kisha nikaingia chumba cha dawa nikalia huku nimekumbatia katoni ya glavu. Magokoro ndivyo sisi Abagusii tunavyomwita nyanya. Huyu hakuwa nyanya yangu, wala hatukuwa na undugu wowote. Alikuwa mamamkwe wa Onyancha. Tuliishi naye chini ya paa moja wiki tatu tu, ule mwaka wa korona, nikiwa na miaka ishirini na minne na miezi mitano ya kazi. Nilienda kumzika. Mazishi yenyewe sitayaeleza, maana mazishi ya Kisii yanajulikana: hotuba ni ndefu na maikrofoni ni mbovu. Lakini njiani nikirudi, tope limejaa kwenye viatu, nilijiambia kwamba nimewasimulia watu mambo mengi ya mwaka ule, kafyu na barakoa na sanitaiza iliyochubua mikono, na hili moja sijawahi kulisema lote. Labda kwa sababu ndani yake mimi si mtu mzuri sana.

Kituo chetu cha afya kilikuwa upande wa Nyamira, mlimani, majani chai yamekuja mpaka kwenye ua. Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne, sinki moja, na dirisha ambalo halikufunga vizuri, kwa hivyo asubuhi ukungu uliingia na kukaa nasi kama mgonjwa mwingine. Mkubwa wetu alikuwa Sista Bosibori, mkunga wa miaka mingi, mfupi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye shamba la tatu. Alikuwa amebandika karatasi mlangoni kwa mwandiko wake: vaa barakoa, nawa mikono, usisalimie kwa mkono, na usiniulize itaisha lini. Alicheka alipoibandika, lakini nilimwona mara nyingi amesimama mbele ya sinki, maji yanamwagika, mikono yake imeshakuwa safi zamani, na bado anaisugua. Sote tulikuwa na woga. Mimi nilioga bombani nje kabla ya kuingia chumba changu, sare nikailoweka kwenye ndoo ya jiki hadi ikapoteza rangi. Wajawazito nao walituogopa sisi. Nilikuwa nikichota maji kwenye tangi nikawasikia wawili wakisema upande wa pili kwamba hapa ukikohoa tu unabebwa, na ukibebwa hutarudi. Wengi walibaki kuzalia jikoni kwao. Waliokuja walikuja wakati mambo yameshaharibika, na tuliwapokea kwa glavu mbili mbili na macho tu, nao hawakuweza kujua kama chini ya ile barakoa mtu anatabasamu au amekasirika.

Moraa, mke wa Onyancha, alikuja asubuhi ya mvua akiwa ameshikwa na uchungu, mimba yake haijafikisha miezi minane. Alikuwa mwalimu wa chekechea, shule yake imefungwa kama zote, na umri wetu ulikuwa karibu sawa. Alikuwa na joto jingi mwilini na kikohozi kikavu. Nilimzalisha nikiwa nimevaa gauni la plastiki linalonyima pumzi, miwani imejaa ukungu, namwona nusu nusu. Mtoto alitoka mdogo, gramu elfu moja na mia saba, msichana, akalia kilio chembamba lakini cha kutosha. Na hapo nikafanya nililofundishwa na woga. Moraa alinyoosha mikono. Nikamfunga mtoto kitambaa nikampeleka upande wa pili wa chumba. Akaniuliza, "Sista, hata kumshika kidogo?" Nikamwambia hapana, anakohoa, atamwua mtoto wake. Nikamwambia na maziwa yake asiyafikirie, yatamwambukiza. Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua, na sikujua chochote. Hakuna aliyejua, lakini wengine walikuwa na adabu ya kunyamaza. Moraa alirudisha mikono chini ya blanketi. Kabla ya saa saba ambulensi ilikuja ikampeleka hospitali kubwa mjini, wodi ya waliotengwa, na mlango ulipofungwa alikuwa bado ananitazama mimi, si kwa hasira, bali vile mtu anavyomtazama aliyemwachia kitu chake.

Mtoto alibaki. Tulipiga simu kule kwenye kitengo cha watoto wachanga, tukaambiwa nafasi haipo, vitanda vya joto vimejaa, tumweke kangaruu hadi watuite. Kangaruu ni kumlaza mtoto akiwa na nepi tu kwenye kifua cha mtu mzima, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, joto la mtu liwe nyumba yake. Kazi hiyo ni ya mama. Mama hakuwepo. Mama wa Onyancha alikuwa amefariki zamani, na ndiyo sababu Magokoro, mama mzazi wa Moraa, alikuwa ametoka Ogembo kuja kumsaidia binti yake kungojea mimba, akakwama huko Keroka kwa sababu ya kufungwa kwa mambo. Kwa hivyo waliobaki walikuwa wawili, Onyancha na mamamkwe wake. Sheria yetu wakati ule ilisema waliokaa nyumba moja na mgonjwa wajitenge siku kumi na nne, na aliyeingia kwetu hatoki. Tukawapa stoo ya neti za mbu na unga wa lishe, tukatoa magunia, tukaweka vitanda viwili. Magokoro alisimama mlangoni akaikagua. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, barakoa yake ameishona mwenyewe kwa kipande cha leso, na alikuwa Msabato wa kutafuta sababu ya kila jambo. Akaniuliza swali moja tu. "Sista, sisi tumekula na Moraa sufuria moja wiki tatu. Kama mtoto tunapewa sisi, mama yake amenyimwa kwa nini?" Swali lilikuwa limenyooka. Nilimjibu kwamba ndivyo utaratibu ulivyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu na akaamua kutogomba.

Hapa ndipo nilipokosea tena, na kosa lenyewe mgeni asingelifanya, maana mgeni angeuliza kwanza. Mimi ni Mgusii. Najua kwamba kati ya mamamkwe na mkwe wake wa kiume kuna ensoni, ile haya ya heshima: hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani machoni kwa muda, na mmoja hawezi kumwona mwenzake bila nguo hata kama nyumba inaungua. Lakini mwaka ule tulikuwa tumeona kila kitu kikiondolewa. Salamu ya mkono iliondolewa. Makanisa yalifungwa. Watu walizikwa asubuhi na watu wachache, chai haijachemka. Nikadhani korona imeondoa na ensoni. Niliwaketisha wote wawili kwenye kitanda kimoja, mtoto mikononi mwa Onyancha, niwafundishe kwa pamoja, kuokoa muda. Nikaeleza namna ya kumshika, namna ya kutazama kifua kikipanda na kushuka, na kwamba watoto wa umri huu husahau kupumua, akisahau mpigepige wayo kwa kidole mpaka alie. Kisha nikamwambia Onyancha avue shati. Akatazama sakafu. Nikarudia kwa sauti ya juu, nikidhani barakoa imeziba maneno, na alipochelewa nikaanza kumfungua vifungo kwa mikono yangu. Magokoro alivuta leso yake ikamfunika uso mzima, akainuka, akatoka nje kwenye mvua. Onyancha aliniwekea mtoto mikononi, taratibu kabisa, akapita mlango wa nyuma akaingia kwenye majani chai. Nikabaki peke yangu stoo, nimeshika mtoto wa watu.

Nilimpima. Joto lilikuwa linashuka. Nikamwita Sista Bosibori, alikuwa leba na mtu mwingine. Nikampima tena, limeshuka zaidi, na vidole vyake vilikuwa na rangi ambayo sikuipenda. Kwa miezi mitano nilikuwa nimewagusa watoto kwa glavu, nimewapokea mbali mbali kama sufuria ya moto. Nilivua lile gauni la plastiki. Nikavua glavu, nikafungua vifungo vya sare yangu, nikamlaza hapo kifuani na kujifunga leso nyingine ya Magokoro aliyoiacha kitandani. Alikuwa baridi, na mwepesi mno, na alinuka ule uvuguvugu wa damu na maziwa ambao nilikuwa nimeusahau kwa sababu ya jiki. Nililia, sitaficha. Nililia kwa kumwogopa, halafu kwa kumpenda, halafu kwa kumfikiria Moraa aliyeomba kidogo tu ya hiki nilichokuwa nacho. Sista Bosibori alipoingia alinikuta natembea tembea kati ya vitanda. Nilimweleza.

"Nyanchama," akasema, "umewaketisha wakwe kitanda kimoja, ukamvua mmoja shati?"

Nikasema ndiyo.

"Wewe ulizaliwa wapi?"

Alinigombeza kidogo tu, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Akaenda yeye mwenyewe kuwatafuta, na sijui aliwaambia nini, lakini najua hakuwaambia kwamba mila zingoje. Alirudi na shuka mbili za wodi. Magokoro alizishona pamoja kwa uzi wetu wa kushonea vidonda, mishono midogo iliyokaa vizuri kuliko yangu, na jioni ile tukazitundika kwenye waya wa neti katikati ya stoo. Upande wa dirisha na mlango wa nyuma ukawa wa Onyancha, upande wa mlango wa mbele ukawa wa Magokoro. Mtoto angekaa kwa baba mchana, kwa nyanya usiku, na mvukishaji ni mimi. Mara mbili kwa siku nilipita kwenye ule mpasuko wa pazia na mtoto ndani ya sare yangu, hatua nne, ili asipigwe na baridi kati ya kifua na kifua. Joto lilipanda. Siku ya tatu vidole vyake vilikuwa na rangi ya vidole.

Maisha ya stoo ile yalikuwa na taratibu zake. Mtu hasogelei pazia bila kukohoa kidogo, kwa sababu ndivyo wakwe wanavyopeana habari kwamba niko hapa, jiweke sawa. Sasa fikiria kukohoa mwaka ule. Kila mmoja wao alipokohoa kwa adabu mimi nilitupa nilichoshika nikaja mbio na themomita, mpaka Magokoro akaniambia, kwa upole lakini bila kucheka, kwamba nikiendelea hivi nitakufa kabla yao. Mara nyingine alinitania. Alisema serikali imekuja kuwafundisha watu kukaa mbali na kutogusana, na yeye na mkwe wake wameyafanya hayo tangu siku ya mahari, hawajapewa hata cheti. Asubuhi aliniagiza wimbi, akapika uji kwenye jiko letu la makaa nyuma ya kituo akiwa amejitenga na wengine, akaujaza kwenye chupa ya chai. Adhuhuri ilikuwa chinsaga, yale majani machungu anayolishwa mwanamke aliyejifungua ili arudishe damu na atoe maziwa, yamechemshwa tangu jana na kutiwa maziwa hadi yakalegea. Nikamwuliza anampikia nani, mzazi mwenyewe hayupo. Akasema ni lazima yapikwe, kwa sababu mtoto amezaliwa, na aliyezaa akija asikute nyumba imesahau. Chakula hicho tulikila sisi. Onyancha alikula upande wake, Magokoro akala upande wake, na mimi nikala nimesimama mlangoni. Sijawahi kunenepa kwa chakula cha mzazi isipokuwa mwaka ule. Mtoto alipewa maziwa ya kopo, kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, na kila mara nilipomnywesha niliwaza kuna mtu mjini ambaye kifua chake kinamwuma.

Habari za Moraa zilikuja kwa simu, na si kila siku. Majibu yake yalionyesha kweli anayo korona. Siku mbili aliwekewa hewa. Siku hizo stoo hata kukohoa walikohoa polepole. Kilichonigusa zaidi ni kumsikia Onyancha akiongea na mtoto. Mchana, akidhani Magokoro amelala, alianza kumsimulia barabara. Duka lake la pancha liko kandokando ya barabara ya Kericho, na alizijua lori kwa sauti. Alimwambia mtoto: hii inayopanda ina mizigo ya ndizi, dereva amechelewa kubadilisha gia, hii ni ya majani chai, haina haraka, hii tairi lake la nyuma lina kasoro, utaona, kesho litakuwa kwangu. Kutoka kituoni barabara kubwa haisikiki. Alikuwa anabuni tu, mtoto asiwe katika kimya. Kisha akamwambia, kwa sauti hiyo hiyo ya lori, kwamba mama yake anaogopa radi, kwa hivyo akirudi wasimcheke. Nilipita upande wa Magokoro nikamkuta ameketi wima, macho wazi, mikono magotini. Alinionyesha ishara nisiseme kitu. Baadaye kule jikoni aliniambia kwamba miaka mitatu amekuwa mkwe wake, na alidhani binti yake ameolewa na mtu asiye na maneno. Akaongeza maji kwenye sufuria. Akasema, kumbe anayo, ni vile tu hakuna aliyempa kitu kidogo cha kutosha cha kukiambia.

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, nilikuwa naleta maziwa. Nimefika mlangoni nikasikia Onyancha akiniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mtoto ameacha kupumua. Nataka niseme nilikimbia. Sikukimbia. Nilisimama na kikombe mkononi, na kichwani mwangu mlikuwa na jambo moja tu, kwamba nilimwahidi mama yake kwa macho, ambulensini. Onyancha alikuwa anamwita mtoto, hakuwa na jina bado, alikuwa anamwita mama, mama, kama tunavyoita wasichana wadogo, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi juu yake. Ndipo Magokoro alipoinuka. Hakukohoa. Aliufikia mpasuko wa pazia, akafumba macho yake kabisa, akafumba kwa nguvu hadi uso wote ukajikunja, akapita upande wa pili mikono imetangulia. Kipofu wa hiari. Aligusa ukingo wa kitanda, akagusa goti la mkwe wake akaliacha haraka, akapapasa hadi akaupata mguu wa mtoto, mguu usiozidi kidole gumba changu, na akaupiga wayo kwa kucha, moja, mbili, tatu, nne, huku akimwita Mungu, Nyasae, Nyasae, polepole, kwa kila pigo la kidole. Mtoto alivuta pumzi. Akalia. Magokoro akageuka, macho bado yamefungwa, akajikwaa kwenye ndoo, akapapasa pazia, akarudi kwake.

Nikapata miguu, nikaenda nikampima mtoto, moyo wake ulikuwa unaenda vizuri, rangi imerudi. Machozi ya Onyancha yalikuwa yanaingia ndani ya barakoa. Kisha akakohoa, kikohozi kidogo cha heshima.

"Mama," akasema kwa pazia. "Asante."

"Amefunikwa?" Magokoro akauliza kutoka upande wake.

"Amefunikwa, mama."

"Basi mwendelezee hadithi ya ile lori ya ndizi. Uliiacha kilimani tangu jana."

Hivyo ndivyo Onyancha alivyojua kwamba alikuwa anasikilizwa, na kuanzia siku hiyo walizungumza. Si mengi. Bei ya mbolea, mvua, Moraa alivyokuwa mtoto, alivyopanda juu ya paa la jiko akakataa kushuka. Walizungumza huku kila mmoja ametazama ukuta wake, na nadhani walijuana pale kuliko wakwe wengi wanaotazamana. Jioni ile Magokoro alinifuata mezani nilipokuwa naandika ripoti. Alisimama umbali wa hatua mbili kama inavyotakiwa. "Sista, andika kwamba sikuona kitu." Nikamwambia hiyo ripoti ni ya hali ya mtoto. Akaniambia niandike. Nikaandika: mtoto aliacha kupumua, alisisimuliwa na nyanya yake, akalia; nyanya hakuona kitu. Sista Bosibori aliisoma asubuhi, akaitia sahihi, wala hakuuliza.

Siku mbili baadaye uliletwa waraka wa Wizara ya Afya. Ulikuwa umechelewa njiani kama kila kitu mwaka ule, na niliusoma nimesimama karibu na ubao wa matangazo, mvua inapiga bati. Ulisema mama mwenye korona, kama ana nguvu, asitenganishwe na mtoto wake. Avae barakoa, anawe mikono, amshike ngozi kwa ngozi, amnyonyeshe. Maziwa yake ni salama. Niliusoma mara tatu kutafuta mahali panaponisamehe. Nikaenda nikamwonyesha Magokoro, kwa sababu niliona ni haki yake, na nilitegemea atanipiga maneno, na ningeyapokea. Aliushika mbali na macho, akausoma neno kwa neno, midomo inacheza nyuma ya barakoa. Akaukunja akanirudishia. Akasema, "Sasa pigeni simu wamlete." Sista Bosibori ndiye aliyepiga. Alipiga mjini siku nne mfululizo, akiwaita watu kwa majina yao kamili na vyeo vyao, mpaka wakachoka naye. Siku ya kumi na nane tangu azae, gari likapanda mlima likamshusha Moraa getini.

Alikuwa amekonda hadi nguo zake zilikuwa za mtu mwingine. Alitembea akishika ukuta. Magokoro alitoka nje, na siku kumi na nne zilikuwa zimekwisha, lakini hata yeye alisimama kwanza, kama anayeuliza ruhusa, ndipo akamkumbatia binti yake na kumshikilia. Onyancha alivaa shati, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akatoka kwa mlango wake wa nyuma kuwapisha. Mimi nilikuwa ndani na mtoto kifuani. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza Moraa kwamba asivunjike moyo, kwamba siku kumi na nane ni nyingi, kwamba maziwa yakikauka hurudi polepole au hayarudi, na kwamba kopo halijamdhuru mtoto. Nilikuwa na hotuba nzima. Alinawa mikono kwenye beseni muda mrefu, akakaa kitandani, akafungua blauzi, na ile blauzi ilikuwa imelowa.

Nilitazama tu. Akaniona ninavyotazama. Alinieleza huku amekitazama kichwa kilichochomoza kwenye sare yangu. Kule wodini alikuwa anakamua. Kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, hata zile siku mbili za hewa, aliweka saa ya simu imwamshe, akakamua kwa mkono kwenye kikombe cha plastiki na kumwaga kwenye sinki. Muuguzi mmoja akamwuliza anajitesa kwa nini, si ameambiwa maziwa yake hayatatumika. Moraa akamjibu kwamba ni kweli ameambiwa, lakini nyumbani kuna mtu ataulizia.

Nilimwomba msamaha. Nilitamka yote, kwamba nilikosea, kwamba hata siku ile ya kwanza angeweza kumshika, na kwamba nilisema nisilolijua kama ninalijua. Magokoro aliyekuwa mlangoni aligeuza uso akatazama mvua. Moraa hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Nilimfungua mtoto kutoka kifuani mwangu nikamlaza kwenye kifua chake, na yule mtoto, aliyekuwa amejua vifua vitatu visivyo vya mama yake, akaanza kutafuta kwa mdomo, kulia, kushoto, akipotea. Mikono ya Moraa haikujua imshike wapi.

"Sista," akasema, "leta mkono wako. Nishikie kichwa chake, mimi bado sijamzoea."

Nikaleta mkono. Ule ule uliomchukua.